Dawa ya Kopo la Baba

Kazini walimwita Meneja, ingawa hakuwa meneja wa chochote isipokuwa panya. Alikuwa fundi sanifu wa maabara katika taasisi inayopima dawa za mitishamba: mwanamke wa makamo, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kuamrisha. Kila asubuhi akifungua chumba cha wanyama, kitu cha kwanza ni salamu. "Hamjambo, wagonjwa wangu?" Panya weupe wakasimama kwa miguu ya nyuma, pua zikicheza kwenye vyuma vya vizimba, naye akajijibu kwa niaba yao, "Hatujambo, ila chakula kimechelewa." Mgeni angedhani mama huyu ana kasoro. Wenzake walishazoea, na wengine walishaanza kusalimia pia.

Alikuja hapo akiwa msichana, akiomba kazi ya ukarani. Ukarani ulikuwa umejaa, wakamuuliza kama anaogopa panya. Akasema panya ndio wamwogope yeye. Kabla yake walishapita watu kadhaa. Kuna aliyetoka mbio siku ya kwanza na hakurudi hata kuchukua koti lake. Yeye alibaki, akapelekwa kusoma, akarudi na cheti, na sasa kazi aliijua, na alijua kwamba anaijua. Hakuwa na ile haya ya uongo ya mtu anayesema "najaribu tu" huku masikio kayategea sifa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Panya hudungwa sindano inayoharibu kongosho, wakapata kisukari kama binadamu anavyokipata. Kisha wanagawanywa. Kundi la kwanza hupewa maji matupu. La pili hupewa vidonge vya hospitali vilivyosagwa na kukorogwa. La tatu hupewa dawa ya mitishamba inayopimwa, kwa mrija mwembamba unaopita kooni hadi tumboni, ili asiwepo wa kutema. Halafu tone la damu kwenye ncha ya mkia, na kimashine kile kile wanachotumia kliniki. Sukari ya kundi la tatu ikishuka kuliko ya wale wa maji, kuna jambo. Isiposhuka, mwenye dawa anaambiwa kwa adabu arudi nyumbani na chupa yake.

Na wengi walirudi na chupa zao. Meneja alishaona mizizi iliyosifiwa redioni, magome yenye kutibu kila kitu kuanzia kikohozi hadi wivu, na unga uliofungwa kwa karatasi za kumeremeta. Vikifika kizimbani, vyote vinanywea. "Panya hasomi tangazo," alipenda kusema, na hapo wenye dawa walikuwa wakimkasirikia sana.

Ndiyo maana alichelewa kuileta dawa ya baba yake mwenyewe.

Baba yake alikuwa fundi baiskeli, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Karakana yake ilikuwa mbele ya nyumba chini ya paa la bati, magurudumu yamening'inia juu, chini grisi na gundi ya viraka. Dawa aliirithi kwa mama yake. Ilikuwa majani ya mti mmoja uliosimama uani, machungu kiasi kwamba mbuzi wa jirani, ambao walikula hata kamba ya kuanikia nguo, waliuacha. Fundi aliyakausha kivulini, akayatwanga, akayachekecha. Unga wa wateja aliuweka kwenye gunia dogo pale karakana. Unga wake mwenyewe aliuweka jikoni, ndani ya kopo la bati lenye mfuniko, karibu na majani ya chai.

Maana Fundi naye alikuwa na kisukari. Aliambiwa kliniki, baada ya kukonda mpaka suruali inashikwa kwa kamba, na kunywa maji bila kukata kiu. Daktari akampa vidonge. Fundi akavitazama vile vidonge, akamtazama daktari, akasema ahsante, akaja navyo hadi nyumbani akamkabidhi mkewe. "Hivi weka popote," alisema. "Mimi mama yangu ameniachia mti." Akatoka karakana akaapa mbele ya wateja kwamba kidonge hakitapita kooni mwake maadamu yu hai. Fundi akishaapa mbele ya watu, ujue mlango umefungwa na ufunguo umetupwa.

Basi akanywa majani yake, kijiko asubuhi na kijiko jioni, na sukari ikashuka. Ikashuka kweli! Mwili ukarudi, kamba ya suruali ikatupwa. Mara moja tu alianguka pale karakana, anatetemeka, jasho linamtiririka, wakampa soda akazinduka, wakasema ni joto la bati. Kliniki wakimpima wanamwambia, "Vizuri mzee, endelea na dawa," naye anatabasamu kwa sababu yeye ndiye anayejua dawa gani. Akirudi, anapiga spana kwenye chuma kuita watu. "Wanasema mganga hajigangi. Njoni mnitazame! Mimi nimejiganga."

Mwisho alimgeukia bintiye. "Wewe unapima mizizi ya watu wa mbali," alimwambia siku moja alipokuja kuwasalimia. "Ya baba yako ina kinyaa?"

"Haina kinyaa, baba. Ila panya hawana upendeleo. Wakiikataa, usije ukaninunia."

"Waikatae? Wana akili kuliko mimi?" Akaingia jikoni, akatoka na kopo. Lilikuwa limebaki na unga wa chini tu. Akamimina wote kwenye karatasi, akaifunga vizuri. "Sikupi wa gunia. Huu ndio ninaokunywa mwenyewe. Mtu akiwa na jambo la heshima hatoi kitu cha wateja."

Mama siku hiyo alikuwa amekwenda kumwona dadaye. Angekuwepo, habari hii isingekuwa na pa kuanzia.

Tusifichane: Meneja alitaka dawa ile ipite. Aliwahi kuzipima nyingi bila kujali zinakwenda wapi, lakini hii aliitaka ipite kwa moyo wote. Baba yake alishazeeka, mikono imejaa makovu ya minyororo ya baiskeli, na hakuwa na kitu kingine cha kujivunia mbele za watu zaidi ya ule mti. Profesa, mkuu wa maabara, mtu mrefu mwenye sauti ya upole na mawazo yasiyotikisika, alipouona unga aliuliza, "Majani mabichi yako wapi? Sisi huanza na majani."

"Profesa, huyu mwenye unga nimekula naye sahani moja tangu sijaota meno."

Profesa akacheka, akaacha ipite. Hata yeye alipenda kumwona Meneja amefurahi.

Na furaha ilikuja. Sukari ya kundi la tatu iliteremka sambamba na ya kundi la vidonge, hatua kwa hatua, mpaka Meneja akarudia kupima akidhani kimashine kimeharibika. Hakikuwa kimeharibika. Alipiga kigelegele ndani ya chumba cha wanyama, panya wakajificha kwenye maranda. Kisha akafanya kosa ambalo mtu wa maabara hapaswi kulifanya: alimpigia baba yake simu kabla kazi haijaisha. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, naye methali hiyo alikuwa akiwaambia wengine.

Mtaani kwao habari haitembei, inapanda baiskeli. Mpaka jua linazama, kila aliyepeleka tairi kuzibwa alijua kwamba panya wa serikali wamepona kwa majani ya Fundi. Aliyeguswa zaidi alikuwa kinyozi wa mlango wa pili. Naye alikuwa na sukari, na kwa miaka mingi amekuwa akimeza vidonge vyake bila kukosa. "Fundi," alimwambia, "kama ni hivyo, mimi najitesa bure." Fundi akamjibu kwamba hilo amekuwa akimwambia siku zote.

Profesa alimpa Meneja hongera, kisha akasema kile alichokuwa akikisema tangu mwanzo. "Sasa leta majani. Dawa ya majani kushuka sambamba na kidonge, mimi sijawahi kuona. Inawezekana. Lakini nataka tuitengeneze kwa mikono yetu."

Meneja hakuona ubaya. Alikwenda akachuma mwenyewe, baba yake kasimama pembeni anamwelekeza tawi gani. Akayakausha, akayasaga, akayachemsha, akayachuja. Panya wengine, vipimo vile vile. Sukari ikashuka kidogo. Ilishuka, hilo hakuna wa kulikataa; wale wa maji walibaki juu na wale wa majani wakateremka taratibu. Lakini ule mteremko wa kwanza haukuwepo. Meneja akajilaumu, akasema labda amechemsha sana, akarudia. Matokeo yakawa yale yale.

"Tuvipandishe kwenye bamba," alisema Profesa.

Bamba ni kipande cha kioo kilichopakwa tabaka nyembamba jeupe. Unadondosha vitone vya dawa chini yake kwa mstari, unakisimamisha kwenye chombo chenye kimiminika, kimiminika kinapanda na kubeba vitone. Kila kitu kilichomo ndani ya dawa kina mahali pake pa kusimama, kingine chini, kingine katikati, kingine juu. Ukiweka chini ya taa ya zambarau, madoa yanaonekana. Meneja aliweka vitone vitatu: unga wa kopo, majani aliyoyachuma, na kidonge cha hospitali.

Wakazima taa ya chumba, wakawasha ile ya zambarau. Majani na kopo vilifanana doa kwa doa. Ila kopo lilikuwa na doa moja zaidi, jeusi, lililokolea, ambalo majani hayakuwa nalo. Doa hilo lilisimama mstari mmoja na la kidonge, kwenye kiwango kile kile, kana kwamba yamepimwa kwa rula.

Meneja aliinama akaliangalia kwa karibu. Kisha Profesa akasema kwa upole, "Mzee kachanganya, Meneja. Tumeshaliona hili kwa wengine."

"Baba yangu si wengine," alisema Meneja, na sauti ilimtoka kali kuliko alivyotaka.

Alikwenda kwenye sinki akaanza kuosha chupa ambazo alikwisha kuziosha. Alilia, na kilichomliza ilikuwa hasira. Huyu ni mtu ambaye hakubali kuuza tairi yenye kiraka bila kumwonyesha mteja kiraka. Huyu ni mtu aliyemchapa yeye, akiwa mtoto, kwa kusema uongo kuhusu kipande cha muwa. Leo awe anasaga vidonge vya hospitali kwenye dawa yake na kusimama karakana kujisifu? Haikuingia akilini. Lakini bamba lilikuwa pale mezani, na bamba halina sababu ya kumchukia fundi baiskeli. Akajifuta uso, akachukua kimashine cha kupimia sukari akakitia mkobani, akamwambia Profesa anakwenda kwao. Profesa alimwambia aende, na asiende kama askari.

Alifika jua likiwa bado juu. Baba yake alikuwa ameinama juu ya baiskeli iliyopinduliwa. "Shikamoo, baba." "Marahaba, mwanangu! Daktari wa panya huyo!" Wateja wawili kwenye benchi wakacheka. Meneja hakuwa na ujasiri wa kuanza pale, naye si mtu wa kukosa ujasiri. Akapitiliza jikoni.

Mama yake alikuwa akichambua maharage kwenye sinia. Meneja alinyanyua kopo kwenye rafu, akalifungua. Lilikuwa limejazwa unga mpya, hadi juu.

"Unalitakia nini hilo?" aliuliza mama.

"Nimelipima, mama. Ule unga wa mwanzo aliutoa humu."

Mkono wa mama ulisimama juu ya sinia. "Si wa gunia? Mimi nilidhani amekupa wa gunia."

Siri ya mtungi muulize kata. Meneja alimtazama mama yake, na yote yakamjia kwa mara moja: nani anayekwenda kliniki kila mwezi kuchukua vidonge kwa kisingizio kwamba Fundi ana kazi nyingi, nani anayeshika jiko, na kile kinu kidogo cha shaba cha kutwangia pilipili manga, ambacho siku hizi hakinuki pilipili manga.

"Mama. Ni wewe."

"Ni mimi," alisema mama. Hakuona haya hata kidogo. Kidevu chake kilipanda juu. "Ulitaka nifanyeje? Nimwache afe na msimamo wake? Nilimwomba, akakataa. Nikamlilia, akaniambia nisimlilie akiwa hai. Nikasema sawa. Akijaza unga mpya kwenye kopo, mimi usiku navitwanga vya mwezi mzima namtilia. Anakunywa mwenyewe, anasifu mwenyewe. Mimi nilitaka sifa? Mimi nilimtaka yeye."

Meneja aliketi kwenye kigoda. Hasira aliyokuja nayo ilikosa mtu wa kumwendea. Alitaka kucheka, na angecheka, lakini yule mtu wa maabara ndani yake alikwisha kuanza kupiga hesabu, na hesabu ilimtia baridi.

"Mama, sikiliza. Kidonge ni kizito kuliko majani. Kila mnapochota na kutikisa, unga wa kidonge unateremka chini. Siku za mwanzo anakunywa majani matupu. Siku za mwisho anakunywa vidonge kwa kijiko. Ile siku aliyoanguka karakana, kopo lilikuwa limejaa au limekwisha?"

Mama alifikiri. Kisha akaweka kiganja mdomoni. "Lilikuwa limekwisha. Nilikuwa nakwangua."

"Basi halikuwa joto la bati."

"Mungu wangu. Nilikuwa namuua?"

"Ulikuwa unamponya na unamuua kwa kijiko kimoja." Meneja alimshika mkono. "Hatuwezi kuendelea hivi, mama. Lazima ajue. Leo."

"Akijua atamwaga. Atamwaga kopo, atamwaga vidonge, na mimi atanimwaga."

"Wewe hawezi kukumwaga, huinuliki," alisema Meneja, na mama akacheka huku machozi yanamtoka.

Hapo hapo sauti ya Fundi ikaja kutoka nje. "Meneja! Njoo umwambie kinyozi panya walisemaje!"

Kinyozi alikuwa amesimama mbele ya karakana, na mkononi ana mfuko wa plastiki. Ndani ya mfuko zilionekana pakiti za vidonge, zote alizokuwa nazo. Alivaa shati la kwendea mahali. "Leo sijameza," alimwambia Meneja, amejawa na furaha ya mtu aliyefika kwenye uamuzi. "Nimesema nivilete hapa kwa Fundi, nivitupe mbele yake, nianze maisha mapya."

"Subiri kidogo, mzee," alisema Meneja. "Usitupe bado. Baba, naomba uingie ndani."

"Semea hapa hapa. Kinyozi ananishika kichwa kila wiki, nina siri gani naye?"

"Baba, naomba uingie."

Kuna namna mtoto anavyosema "naomba" ambayo mzazi haibishii. Fundi akafuta mikono kwa kitambaa, akaingia.

Ndani alikaa kwenye kiti chake, bintiye akakaa chini mkekani, mama akabaki amesimama mlangoni mwa jikoni. Meneja alikuwa amepanga maneno njiani, na yote hayakufaa tena. Akaanza na lililo la kweli na jema. "Baba, majani yako yanafanya kazi. Nimeyachuma kwa mkono wangu, nikayapima mara mbili. Yanashusha sukari."

"Si nilikwambia!"

"Yanashusha kidogo, na polepole. Wengi waliokuja kwangu hawakushusha hata hicho kidogo. Mama yako hakukudanganya, na sisi tutaendelea kuyapima. Lakini kopo lako lina kitu kingine, baba. Lina vidonge vya hospitali."

Fundi alisimama. Uso wake ulibadilika. "Nani kaniwekea? Nani amekuja kwangu kunichafulia dawa? Nitajie!"

"Mimi," alisema mama.

Fundi alimgeukia. Mama hakurudi nyuma.

"Tangu lini?"

"Tangu siku uliponiambia niviweke popote," alisema mama. "Nikaviweka."

Nje kengele ya baiskeli ililia, mtu alikuwa akiijaribu. Fundi alikaa tena, taratibu, na Meneja aliona jinsi alivyozeeka. Akakitoa kimashine chake. "Nipe kidole, baba." Alimpa bila kubisha. Namba iliyotokea ilikuwa juu sana, namba ya mtu ambaye kopo lake ni jipya na vidonge vimekaa chini. Fundi aliisoma mwenyewe. Hesabu ya kliniki aliijua vizuri, alishajisifia mara nyingi.

"Kumbe mimi sikupona," alisema.

"Hukupona. Ulitunzwa," alisema Meneja. "Ni vitu viwili, baba. Na siku uliyoanguka karakana ulikuwa umekunywa vya chini. Ungekuwa peke yako siku ile, leo tusingekuwa tunazungumza."

Fundi alimtazama mkewe kwa muda mrefu. Meneja alikuwa akimjua baba yake tangu azaliwe, na alimjua akiwa amekasirika, amefurahi, amelewa sifa. Sura hii hakuijua. Alijua tu kwamba mtu huyu ameapa mbele ya mtaa mzima, na kwamba mlango ule una ufunguo mmoja, nao hauko mkononi mwake wala mwa mama yake. Aliogopa. Ndiyo, Meneja mzima, aliogopa.

Fundi akachukua kopo, akatoka nalo.

Mama alimfuata akiwa na pakiti ya vidonge aliyoitoa mahali fulani kifuani, hata hakujua kwa nini ameitoa. Meneja naye akatoka. Kinyozi alikuwa amesimama pale pale, wateja wawili kwenye benchi, na mwenye baiskeli iliyopinduliwa amekuja kuifuata. Watu walewale walioambiwa mganga amejiganga.

"Enhe, Fundi," alisema kinyozi, ameinua mfuko. "Nimwage wapi? Shimoni, au nikuachie wewe?"

Ilikuwa rahisi. Angesema shimoni, na hakuna ambaye angejua, isipokuwa wanawake wawili waliosimama nyuma yake, ambao aliwajua kuwa hawatamwaibisha mbele za watu. Meneja alifungua mdomo aseme yeye, heshima iende itakakokwenda. Hakuwahi.

"Mke wangu," alisema Fundi bila kugeuka. "Lete vile vyangu."

Mama alisukuma kidonge kimoja kutoka kwenye pakiti. Mikono yake ilikuwa imezoea, na kidole gumba kilikwisha kuanza kukibonyeza kivunjike.

"Usikivunje," alisema Fundi. Akamnyooshea kiganja, cheusi kwa grisi. "Nipe mkononi."

Mama akakiweka. Fundi akakiinua juu watu wakione, kama anavyowaonyesha mpira uliotoboka, akakitia mdomoni, akameza bila maji. Kilimkwama, akakohoa, kikapita. 

"Majani yangu yanasaidia," alimwambia kinyozi. "Kidogo. Binti yangu amepima, na atapima tena. Lakini kilichoniweka hapa ni hiki, miaka yote, na mimi nilikuwa sijui. Kama kuna mtu hapa aliacha vyake kwa sababu yangu, arudi kliniki kesho. Mimi mwenyewe nitakuwa huko, anikute foleni."

Kinyozi alimtazama Fundi, akautazama mfuko wake. Alikuwa amevaa vizuri kwa ajili ya siku hii, na sasa hakujua siku yenyewe aifanyie nini. Akafungua mfuko polepole, akapekua, akauliza kama anaweza kupata maji ya kumezea.

Mama alikwenda akaleta bilauri, akampa kinyozi kwanza, akamwachia mumewe yaliyobaki. Fundi aliyanywa yote. Aliporudisha bilauri alishika na mkono wa mkewe ulioipokea, akaushika mbele za watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu bintiye apate akili.

"Kesho usingoje nikuombe," alimwambia.